Picha ya Kisogo

Mchongaji huyu watu walimwita Kisogo, na jina hilo alilipata kazini. Wachongaji wengine wakipewa kazi ya kuchonga kichwa cha mtu huanzia puani. Yeye huanzia nyuma. Mteja akifika, anamkalisha kwenye kigoda, anamgeuza aelekee ukutani, halafu anakishika kichwa chake kwa viganja viwili na kukipapasa polepole, kimya, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Wengine waliona haya. Mwalimu mkuu mmoja aliwahi kumuuliza kama anamtafutia chawa.

"Usoni mtu anadanganya," Kisogo alimjibu. "Anajua anatazamwa, anakaza midomo, anajitia uzuri. Kisogo hakijui kujitia kitu."

Miaka ishirini na mitatu alikula kwa kazi hiyo. Lakini Jumatano ile alikuwa amekaa mbele ya kichwa kilichokwisha kabisa, kimepigwa msasa mpaka kinateleza, na badala ya kufurahi alikuwa anakigeuza huku na huku. Kichwa hiki hakukianzia kisogoni. Alikianzia puani, kama wale anaowacheka.

Hakuwa na njia nyingine. Mwenye kichwa alikuwa amekufa, tena amefia ng'ambo, na kichwa kilitakiwa huko huko. Binti wa marehemu aliziona kazi za Kisogo kwenye simu, akaandika, akatuma picha nne za baba yake. Kisogo akaomba na picha ya kisogo. Jibu lilirudi limejaa vikatuni vya kucheka: nani anampiga baba yake picha ya kisogo?

Basi akachonga uso kwa picha, na nyuma akachonga kwa kukisia. Hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza kwa mtu ambaye hakumgusa. Na haikuwa kazi ya kupamba sebule. Yule binti alieleza tangu mwanzo kwamba mama yake, mjane wa marehemu, amepoteza macho. Picha hazimsaidii tena. Wiki ijayo anahamia kwenye nyumba ya wazee, na binti anataka mama aingie chumba hicho kipya akiwa na kitu cha kushika.

Nyuma ya binti huyo walikuwa wamejipanga watu saba, wenzake wa kazini na majirani, kila mmoja na kichwa anachokitaka. Wanasubiri kuona cha kwanza kikoje, na wanataka kujua kama fundi anapokea kazi za mbali au hapokei. Kikipendwa, Kisogo ana kazi ya mwaka mzima. Kisipopendwa, kulikuwa na sare.

Sare ilikuwa imening'inia kwenye msumari karibu na mlango, ya bluu, mpya, ina vifungo vya kung'aa. Ilitoka kwenye bohari la vigae vya sakafuni upande wa pili wa barabara kuu. Msimamizi wa bohari alitaka mlinzi wa getini, akamshikia Kisogo nafasi, akampa na sare kabisa, jibu aletewe Ijumaa. Maana mtaani nani bado anachongesha kichwa? Siku hizi watu wanachapisha picha kwenye kioo, inatoka siku hiyo hiyo, na wengine wanatiliwa saa ndani yake. Ukiacha kichwa hiki cha ng'ambo, mwezi uliopita Kisogo alichonga miguu ya vitanda tu.

Suruali ya sare ilikuwa ndefu kama imekatwa kwa ajili ya mtu anayetembea juu ya magongo marefu. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa ameombwa aikunje pindo. Kila siku alisema kesho.

Karakana yao ilikuwa chumba kimoja cha kazi mbili. Upande wa mlango ni magogo, jiliwa la kubania mbao, patasi zimepangwa kwenye kopo la maziwa. Upande wa dirisha ni cherehani ya mke, nayo inatazama nje ili ipate mwanga. Katikati wametundika nailoni nzito kuzuia vumbi la mbao lisiingie kwenye vitambaa vya watu. Vumbi liliingia tu. Ugomvi wao mwingi wa miaka ishirini ulianzia kwenye vumbi hilo.

Saa saba mchana mdogo wa mkewe akaingia na boksi kichwani. Yeye alikuwa karani wa ofisi, na ndiye aliyeshika simu ya biashara, akiandikiana na watu wa ng'ambo kwa lugha yao.

"Shem!" aliita kabla hajavuka kizingiti. "Abiria wetu yuko tayari? Nimemletea gari."

"Yuko tayari," Kisogo alisema. "Mimi ndiye siko tayari."

"Wewe ulikuwa tayari lini? Siku ya harusi yako ulituweka masaa mawili, mpaka dada yangu akaanza kunywa soda za wageni."

"Nilikuwa namalizia kazi ya mtu."

"Alikuwa chooni," mkewe alisema bila kugeuka kutoka kwenye cherehani.

Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akatoa simu. "Haya, tuache mchezo. Watu wa mizigo wanakuja kesho saa nne. Na dada wa ng'ambo kaandika tena. Zile picha ulizomtumia za kichwa, kazitazama mpaka kalia. Anasema ni baba yake mtupu. Wale saba wanataka jibu leo. Niandike nini? Fundi anapokea?"

"Subiri kwanza."

"Nisubiri nini, shem?"

"Mama yake akishike."

"Mwenye baba kasema sawa, wewe nani useme bado?"

"Mwenye baba ana macho. Hiki hakikuchongwa kwa ajili ya macho."

Shemeji aligeuza macho juu. Mke wa Kisogo akasimamisha cherehani, akachukua futi yake ya kupimia nguo, akapita chini ya nailoni. Alikuwa anashona mfuko wa kitambaa laini wa kukifunika kichwa kisikwaruzwe njiani. Akakizungushia futi, akaandika namba kwenye kiganja cha mkono. Alipoinua uso alikutana na zile picha nne ukutani. Shemeji alizichapisha kubwa kazini kwake, na zilikuwa zimebandikwa pale wiki sita. Lakini mke hukaa amezipa mgongo, na akisimama huwa ana haraka. Siku hiyo akazitazama moja moja, futi shingoni.

"Hivi," alisema, "huyu baba alikuwa anavaa mashati ya mkewe?"

"Dada! Marehemu huyo."

"Sijamsema vibaya. Tazama vifungo. Shati la kiume, upande wa kushoto unalala juu ya kulia. Hili limelala kinyume. Na mfuko uko kulia. Mimi tangu nianze kushona sijamtilia mwanamume mfuko kulia."

"Labda fundi wake alikuwa anakunywa," Kisogo alisema, akacheka.

"Mashati manne, mafundi wanne, wote wanakunywa?"

Shemeji akacheka, na Kisogo akacheka tena. Halafu kicheko kikamkauka mdomoni. Aliinuka, akasogea ukutani mpaka pua ikakaribia karatasi. Katika picha zote nne bega moja la marehemu lilikuwa limetangulia mbele, mkono umenyooka kutoka nje ya picha. Mzee yule alijipiga mwenyewe. Zote nne alijipiga mwenyewe.

"Shemeji," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya kawaida. "Ukijipiga mwenyewe kwa simu, picha inatokaje?"

"Inatoka vizuri, kama mwenyewe mzuri."

"Sitanii."

Shemeji akamtazama, akaacha utani. Akachukua simu ya zamani ya dada yake iliyokuwa kwenye droo ya nyuzi, akajipiga, wakaitazama wote watatu. Kitambulisho chake cha kazini kilichoning'inia shingoni, kwenye picha herufi zake zilikuwa zimegeuka, zinasomeka kutoka mwisho.

"Simu za zamani zinafanya hivyo," alisema taratibu. "Kama kioo."

Nje gari la taka lilipita likipiga kengele. Kisogo alikuwa amekishika kile kichwa kwa mikono miwili, na kidole gumba chake kilikuwa juu ya kovu alilolichonga kwenye unyusi wa kulia, kovu refu la mtu aliyeanguka kwenye ngazi uzeeni. Lilimchukua siku mbili, kovu lile. Na mahali pake lilikuwa upande wa kushoto.

Lingekuwa kovu peke yake, kidogo angepumua. Lakini uso wa mtu hauna pande mbili zilizo sawa, na kujua hilo ndiyo nusu ya kazi ya mchongaji. Pua ya mzee ilipinda kidogo. Jicho moja lililegea. Sikio moja lilisimama kuliko lenzake. Vyote Kisogo alivifuata kwa uaminifu, unywele kwa unywele, na vyote akaviweka upande usio wake.

"Nimemchonga mtu wa kwenye kioo," alisema.

Shemeji ndiye wa kwanza kupata maneno. "Sasa sikiliza, shem. Binti kakipenda. Amelia machozi. Kovu kulia, kovu kushoto, nani ataleta kesi?"

"Yule mama."

"Mama mzee, haoni."

"Ndiyo maana."

"Ukimwambia binti, wale saba wanakimbia leo hii hii. Utabaki na nini? Utakwenda kulinda vigae, kwamba visitoroke?" Alitazama saa yake, akachukua mkoba. "Naingia kazini. Narudi saa kumi. Mimi boksi naliacha hapa. Mkiniuliza, kichwa kinasafiri."

Alipoondoka, Kisogo alijaribu kujitia hamnazo. Alifagia. Alinoa patasi ambayo haikuhitaji kunolewa. Alijiambia binti ndiye aliyetuma picha, kosa la picha si la fundi. Alijiambia mama yule ni mzee, mikono ya wazee imekufa ganzi, huenda asipapase hata unyusi. Kila alilojiambia lilikaa dakika mbili likaondoka.

Saa nane akakoroga gundi na unga wa mbao ile ile. Akalijaza kovu. Akalisawazisha kwa kisu, akarudi nyuma hatua tatu kuangalia. Palikuwa na doa la majimaji juu ya jicho la mzee, kama kamasi. Likikauka lingefifia. Angechonga kovu jipya upande wa pili, na hilo lingewezekana. Lakini pua je? Mbao ukiikata imekatika. Hakuna mchongaji anayerudisha mbao. Akachukua kitambaa, akaifuta gundi kabla haijashika, na jasho lilikuwa likimtoka kwapani kama amebeba gunia.

"Unafanya nini?" mkewe aliuliza kutoka upande wa nailoni.

"Nafanya ujinga."

Mke akasimamisha cherehani. Alikuja, akakitazama kichwa, akaona kitambaa chenye gundi, akaelewa. Alimsukuma mumewe akae kwenye kigoda, akamgeuza aelekee ukutani, mahali pale pale wanapokaa wateja.

"Wewe mwanamke, sina muda wa..."

"Nyamaza. Nimefumba macho." Akakishika kichwa cha mumewe kwa viganja viwili. Mikono yake ilikuwa na harufu ya mafuta ya cherehani. "Hapa una bonde. Hapa nywele zako zinazunguka kama maji ya bomba, lakini mara mbili, siyo mara moja. Hapa nyuma ya sikio ulijikata na wembe juzi, ukasema hukujikata. Hapa shingoni umekonda." Vidole vikaja mbele, vikapita kidevuni, vikasimama. "Hili kovu uliangukia patasi kabla hatujaoana. Kama mtu akiniletea wewe wa mbao, kovu liko upande huu mwingine, nitakitupa nje na nitamuuliza mume wangu yuko wapi."

Kisogo alikaa vile vile, anatazama ukuta. Bonde hakulijua. Vichwa vya watu vyote hivyo alivyovishika, chake hakuna siku aliyokipapasa.

"Na vigae?" aliuliza hatimaye.

"Vigae ni vigae," mkewe alisema, akarudi kwenye cherehani. Lakini hakushona. Kisogo alisikia kimya cha mashine ile, akajua na yeye ana wasiwasi wake.

Saa kumi na robo shemeji alirudi. Alikuta boksi halijaguswa, akaachia mabega yakashuka. "Jamani."

"Mpigie," Kisogo alisema. "Ile ya kuonana uso kwa uso. Na mwambie mama yake awe karibu."

"Huko ndiyo kwanza asubuhi."

"Basi hawajachoka. Mpigie."

Simu iliegemezwa kwenye kopo la patasi. Yule binti akatokea, mwanamke wa makamo, nywele zimelowa, kikombe mkononi. Alipomwona Kisogo alitabasamu uso mzima, akasema mengi kwa furaha. Kisogo aliona tabasamu lile, akatamani kukimbia.

"Mwambie nimekosea," alisema.

Shemeji akaanza kusema. Akasema, akaendelea, akasogeza mikono, akacheka kidogo.

"Mbona unasema maneno marefu hivyo? Mimi nimesema neno moja."

"Nalainisha, shem."

"Usilainishe. Sema fundi kakosea. Picha zilikuwa za kioo. Kila cha kulia ni cha kushoto. Sema hivyo tu."

Safari hii shemeji alisema kwa ufupi. Tabasamu la yule binti likaondoka taratibu. Aliweka kikombe chini. Alitoweka kwenye kioo cha simu, wakabaki wanatazama ukuta na nusu ya kabati. Kisogo alihesabu vishikizo vya kabati. Vilikuwa sita. Akavihesabu tena.

"Kakata?" aliuliza.

"Hajakata."

"Mbona harudi?"

"Shem, nitajuaje?"

Alirudi na picha mkononi, iliyokuwa kwenye fremu, na macho yamekuwa mekundu. Alisema kwa sauti ndogo, shemeji akatafsiri bila kuongeza wala kupunguza. "Anasema hii ameiweka kitandani kwake miaka mitatu. Anasema kumbe miaka yote hiyo anamtazama baba yake kwenye kioo, na hakujua."

"Mwambie pole. Mwambie namtaka mama."

Mama yule aliletwa kwenye kiti. Alikuwa mdogo wa mwili, kajifunga shali, uso umeelekea pembeni kidogo, si kwenye simu. Kisogo alimwamkia kwa heshima zote, ingawa maneno hayakuwa ya lugha yake. Halafu akauliza kovu lilikuwa wapi.

"Nimuulize kulia au kushoto?" shemeji akauliza.

"Hapana. Kulia na kushoto ndiko tulikopotelea. Muulize kama lilikuwa upande wa mkono aliolia chakula au ule mwingine."

Jibu lilikuja haraka. Ule mwingine. Mama yule hakufikiri hata kidogo, na mkono wake ulikuwa umeshapanda kwenye unyusi wake mwenyewe, wa kushoto.

Kisogo akavuta pumzi. "Sasa muulize kisogo kilikuwaje."

Shemeji alimtazama kama amerukwa na akili, lakini akauliza. Mama akashusha mkono kutoka kwenye unyusi. Halafu akaanza kusema, na bintiye akageuka kumtazama, na shemeji akatafsiri kipande kwa kipande. "Anasema chini ya nywele kulikuwa na mikunjo miwili. Mmoja mrefu, mmoja mfupi. Anasema nyuma ya sikio, upande ule ule wa kovu, kulikuwa na kinundu, kama punje ya hindi. Anasema..." Shemeji akaanza kucheka, akajizuia. "Anasema marehemu alikuwa anakoroma kama trekta. Yeye anakibonyeza kile kinundu, mzee ananyamaza. Miaka arobaini. Hajawahi kumwambia mtu."

Binti wa ng'ambo alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Haikujulikana kama analia au anacheka.

Mama aliendelea kuongea, na huku anaongea aliinua mikono yake miwili hewani mbele yake, viganja vikitazamana, akavisogeza polepole mpaka vikasimama. Vilisimama kama vimekuta kitu.

"Asisogee!" mke wa Kisogo alipiga kelele, akapita chini ya nailoni na futi mkononi. "Mwambie asisogee! Binti alete chochote cha kupimia!"

Kule ng'ambo ikawa mbio. Droo zilifunguliwa. Mwisho ikapatikana rula ya mtoto wa shule. Binti aliiweka kati ya viganja vya mama yake, na mama hakutikisika. Sentimita kumi na sita na nusu.

Kisogo alichukua bikari yake kubwa, akaibana kwenye kichwa cha mbao juu ya masikio, akaisoma kwenye futi ya mkewe. Kumi na tano.

Basi haikuwa kovu tu, wala pua tu. Alichonga kichwa ambacho yule mama angekishika na mikono yake ingebaki na nafasi. Aliiweka bikari mezani.

"Mwambie naanza upya. Wiki saba."

Binti alisema jambo, uso umekunjamana. Mama anahama wiki ijayo. Walitaka aingie nacho. Kisogo akainamisha kichwa. Ndipo mama akasema, na shemeji akatafsiri akiwa anatazama chini: "Anasema chumba atakiingia bila mzee. Alishazoea kuingia mahali bila yeye. Anasema kinundu usikisahau."

Kabla ya kukata, binti aliongeza kitu. Wale saba hatawaficha. Atawaeleza yote yalivyokuwa.

"Sasa niwaandikie nini?" shemeji aliuliza simu ilipozimwa. Utani wote ulikuwa umemwisha.

Kisogo alifikiri, mkono umeshika tama. "Andika fundi anapokea. Lakini picha ya uso peke yake siipokei. Nataka na ya kisogo. Na nataka mtu aliyewahi kukishika hicho kichwa, apime mwenyewe, aniambie alichokikuta. Asiye na mtu wa namna hiyo, akachapishe kwenye kioo."

"La kioo naliruka."

"Ruka."

Alhamisi saa nne watu wa mizigo walikuja, wakakuta hakuna mzigo, wakaondoka wamenuna. Ijumaa asubuhi Kisogo alichukua sare kwenye msumari. Hakuna hata mmoja kati ya wale saba aliyekuwa amejibu. Alilikunja shati, akaikunja suruali, na hapo ndipo alipoiangalia miguu ya suruali hiyo. Pindo halikuguswa. Hata chaki ya kuweka alama haikuwapo.

"Hukuikunja hii," alimwambia mkewe.

"Nilikuwa na kazi za watu."

"Wiki tatu?"

"Nenda, bwana, utakuta msimamizi keshatoka ofisini."

Alivuka barabara kuu na sare kwapani. Msimamizi wa bohari alimsikiliza, akamwambia nafasi atampa mtu mwingine mchana ule ule, na akitaka kurudi asirudi. Kisogo akasema amesikia. Njiani kurudi alisimama mara mbili, kama mtu aliyesahau kitu dukani, kisha akaendelea.

Jumamosi kimya. Jumapili kimya. Kisogo alichagua gogo pana, akalibana kwenye jiliwa, akachora kwa mkaa mikunjo miwili, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Alipofika nyuma ya sikio la kushoto aliacha punje moja ya mbao bila kuikata, akawa anaizunguka kwa patasi nyembamba. Kila nusu saa alimuuliza mkewe kama simu imelia. Kile kichwa cha kwanza mke alikihamishia upande wake wa nailoni, akakivalisha kofia anazoshona. Kilimfaa, alisema, kwa wateja wenye vichwa vidogo.

Jumatatu mchana shemeji aliingia bila kupiga kelele, jambo ambalo si la kawaida yake.

"Mmoja kajibu," alisema.

"Na wale sita?"

"Hakuna. Huyu mmoja."

Akamwonyesha simu. Ilikuwa picha ya mzee aliyekaa kwenye ukingo wa kitanda, ameinama kufunga kamba za viatu, kapigwa picha kwa nyuma, hana habari. Nywele zake zilikuwa chache. Shingo ilikuwa na mkunjo mmoja, na juu yake bonde dogo, upande mmoja.

"Kaandika nini?"

"Anasema baba yake yuko hai. Anataka kichwa akiwa bado yupo, waweze kupima pamoja. Anauliza kama amepiga sawa, au arudie."

Kisogo alijifuta mikono kwenye suruali. Mtu mmoja kati ya saba. Sare ilishavaliwa na mwingine. Na mama wa ng'ambo kesho yake anahamia chumba kipya mikono mitupu.

"Ikuze kidogo," alisema. "Hapo. Ishike isitikisike."

Shemeji aliishika simu kwa mikono miwili. Kisogo akasogea karibu, na viganja vyake vikapanda pande zote mbili za picha ile ndogo, bila kuigusa, vikaanza kutafuta upana.